Ulaini si Udhaifu

Msomaji kijana, kabla ya kuendelea mbele nakuomba ufanye jambo dogo. Bonyeza shavu lako kwa kidole, kisha bonyeza nyama ya mkono wako, kisha mguu wa deski unaloketia. Tofauti uliyoihisi ndiyo habari ya insha hii. Mwili wako ni laini na umejaa maji. Chuma cha deski ni kigumu na kikavu. Viwili hivi vikikutana kwa nguvu, aumiaye ni mmoja tu, nawe unamjua.

Nimekusudia kupinga rai moja iliyozoeleka mno kwetu hata watu wameisahau kuwa ni rai, wakaidhani ni kweli isiyohitaji ushahidi. Nayo ni hii: kwamba mashine halisi ni ya chuma, kwamba kitu laini ni kitu dhaifu, na kwamba elimu ya vitu laini ni mchezo wa watu wenye mali, wala haituhusu sisi. Rai hii nimeisikia sokoni na katika gari la abiria. Nimeisikia katika chumba cha walimu. Na, kwa haya yangu, siku moja ilitoka katika kinywa changu mwenyewe.

Siku hiyo nilikuwa nikifundisha somo la nguvu na mwendo. Nilichora ubaoni mkono wa roboti mfano wa ile iungayo magari viwandani, nikaeleza viungo vyake, mota zake na wepesi wake. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, mkono huu ukipewa kazi ndani ya mwili wa mgonjwa, hautamwumiza? Kwa nini hautengenezwi laini kama mkono wa mtu?" Darasa likacheka. Nami, badala ya kulinyamazisha darasa, nikacheka pamoja nalo, nikasema, "Mwanangu, mashine laini ni godoro." Kicheko kikazidi. Msichana akaketi, wala hakuinua mkono tena muhula ule wote.

Miezi kadhaa baadaye, nikisoma habari za vifaa vya tiba, nilitambua kwamba swali lile lile lilikuwa limeulizwa na wataalamu wa Japani na Marekani, na kwamba walikuwa wamekwisha kulijibu kwa vitu vinavyoshikika mkononi. Wao waliuliza wakapewa maabara. Mwanafunzi wangu aliuliza akapewa kicheko. Insha hii ni sehemu ya deni langu kwake.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe. Kiini cha habari hii ni haidrojeli. Haidrojeli ni mtandao wa nyuzi ndefu za kikemia, ziitwazo polima, ambazo zimefungamana hapa na pale mfano wa wavu wa mvuvi. Matundu ya wavu huo ni madogo kupita kuonekana kwa macho, na ndani yake hukaa maji. Nyuzi hizo hupenda maji, kwa hiyo huyavuta. Walakini zimefungamana, kwa hiyo haziyeyuki. Matokeo yake ni kitu kinachoshika umbo lake kama kitu kigumu, na huku sehemu kubwa ya uzito wake, mara nyingine tisa katika kumi, ni maji.

Usidhani kwamba kitu hiki ni kigeni kwako. Ute mzito unaoujaza mpira wa jicho lako nyuma ya lenzi ni haidrojeli ya maumbile. Jeli ya baridi ambayo mama mjamzito hupakwa tumboni hospitalini, kabla ya mtoto kutazamwa kwa mawimbi ya sauti, ni haidrojeli. Ule unga mweupe uliofichwa ndani ya nepi ya mtoto mchanga, ambao hunywa maji mara nyingi kupita uzito wake, ukilowa hugeuka haidrojeli. Kitu hiki kimekuwa jirani yetu siku zote. Tulichokosa ni kumwuliza jirani jina lake.

Sasa tuwaendee wapinzani wetu mmoja mmoja, tuwape haki ya kusikilizwa, kisha tuwajibu.

Wa kwanza husema kwamba mashine, na hasa roboti, kwa maana yake ni kitu cha chuma. Huyu hajui asili ya neno analolitetea. Neno roboti lilitokea katika mchezo wa kuigiza wa mwandishi Karel Čapek wa Chekoslovakia, uitwao R.U.R., uliotolewa mwaka 1920 na kuchezwa jukwaani katika mji wa Prague mwaka 1921. Lilitokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa. Na je, roboti wa mchezo ule waliumbwa kwa chuma? La. Waliumbwa kwa kitu laini kilichokandwa mfano wa unga wa mkate, kikafanyizwa nyama na ngozi. Roboti wa kwanza kuitwa kwa jina hilo walikuwa laini! Chuma kilikuja baadaye, kikaletwa na viwanda na picha za sinema, nasi tukakizoea hata tukadhani kilikuwapo tangu mwanzo. Mazoea si hoja.

Tena mpinzani huyu na azitazame mashine za maumbile. Mkaaji wa pwani amemwona pweza. Pweza hana mfupa hata mmoja, walakini hufungua gamba la chaza, hushika, huvuta, hutambaa, na hupenya katika upenyo wa jiwe ambao mtu angeapa kuwa haupitiki. Moyo wako ni pampu, na pampu ni mashine. Nao ni wa nyama. Tangu ulipoanza kusoma insha hii umekwisha kupiga mamia ya mapigo, bila mafuta na bila parafujo. Asemaye kwamba mashine laini haiwezekani anasema hayo kwa hisani ya mashine laini iliyo kifuani mwake.

Mpinzani wa pili hukubali kwamba kitu laini chaweza kufanya kazi, lakini hushikilia kuwa ni dhaifu, hakidumu. Hoja yake ina uzito kidogo, kwa maana haidrojeli za zamani zilikuwa hivyo kweli: ukizivuta, zilipasuka kama maandazi yaliyolowa chai. Lakini elimu haikusimama hapo. Mwaka 2003 mtaalamu Jian Ping Gong na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Hokkaido nchini Japani, walitangaza haidrojeli yenye nyavu mbili zilizosukwa pamoja. Wavu mmoja ni mkavu wa tabia, hukatika upesi; wa pili ni mlegevu, huvutika sana. Jeli ile ikivutwa, wavu wa kwanza hukatika mahali pengi padogo padogo, na katika kukatika kwake humaliza nguvu ya mvutano, huku wavu wa pili ukikishika kitu chote kisiachane. Mmoja hujitoa mhanga, mwingine husalimika, na jeli yenyewe haipasuki.

Mwaka 2012 Zhigang Suo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani walitangaza nyingine iliyozidi kushangaza. Walichanganya polima ya kiwandani na alginati, kitu kitokacho katika mwani wa rangi ya kahawia. Jeli waliyoipata ilikuwa na maji karibu tisa katika kumi, nayo iliweza kuvutwa zaidi ya mara 20 ya urefu wake kabla ya kukatika. Chukua kipande chenye urefu wa kidole chako, ukivute mpaka kikaribie urefu wa mtu mzima: hicho ndicho kitu kiitwacho dhaifu.

Wala hatuna haja ya kwenda Hokkaido kutafuta ushahidi. Katika goti lako, mwisho wa mfupa wa paja umevikwa gegedu, na gegedu ni haidrojeli ya maumbile; sehemu yake kubwa ni maji. Juu ya utando huo mwembamba huegemea uzito wa mwili wako ukipanda ngazi, ukikimbia uwanjani, ukiruka mtaro. Mzee alalamikaye maumivu ya goti mara nyingi ni mtu ambaye utando huo umemlika, mfupa ukasagana na mfupa. Mwulize yeye kama ugumu peke yake ni nguvu.

Tumefika sasa mahali penye uzito wa maisha, yaani kitanda cha mgonjwa. Kwa nini daktari atake kifaa laini? Kwa sababu mwili una namna yake ya kupokea na kukataa. Wataalamu hupima ukaidi wa kitu kwa nguvu inayotakiwa ili kukipinda au kukivuta. Kwa kipimo hicho, chuma cha pua ni kikaidi kuliko nyama ya ubongo kwa zaidi ya mara milioni 100. Kuingiza chuma katika kiungo cha namna hiyo ni kazi ya hatari, hata mikononi mwa daktari bingwa.

Fikiria ugonjwa wa kiharusi. Mara nyingi huletwa na damu iliyoganda ikauziba mshipa wa ubongo, na kila dakika ipitayo sehemu ya ubongo hufa. Katika hospitali zenye uwezo, daktari huingiza waya mwembamba katika mshipa mkubwa wa paja au wa mkono, akausukuma mpaka ubongoni, akiutazama kwa miali ya eksirei. Mishipa ya ubongo ni myembamba na ina kona nyingi. Waya waweza kukwaruza ukuta wa mshipa, na daktari mwenyewe hupatwa na miali ile siku nenda siku rudi. Mwaka 2019 Xuanhe Zhao na wenzake katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts walionyesha uzi usiofika unene wa milimita 1, wenye chembe za sumaku ndani yake na ngozi ya haidrojeli juu yake. Sumaku iliyo nje huuongoza uzi upinde kulia au kushoto, na ngozi ile yenye maji huufanya uteleze bila kukwaruza. Uzi ulipita kona baada ya kona katika mfano wa mishipa ya ubongo.

Nimesema mfano wa mishipa, na nakusihi usilipite neno hilo upesi. Mfano ule ulitengenezwa kwa silikoni. Haukuwa ubongo wa mgonjwa. Nitarudi katika jambo hili baada ya kitambo.

Mwaka huo huo wa 2019 kundi hilo la Massachusetts lilitangaza kidonge cha haidrojeli ambacho, kikimezwa, hunywa maji ya tumboni na kuvimba kwa dakika chache mpaka kikawa kama mpira mdogo wa mezani. Kwa ukubwa huo hakiwezi kupita katika mlango wa tumbo, kwa hiyo hukaa humo siku nyingi kikibeba chombo kidogo cha kupima hali ya mgonjwa. Na wakati wa kukitoa ukifika, hunywewa maji yenye chumvi ya kalisi, nacho kikasinyaa na kupita. Walikijaribu katika matumbo ya nguruwe. Mwaka 2017 wataalamu wa Harvard, wakijifunza kutoka kwa ute wa konokono asiye na gamba, walitengeneza gundi ya haidrojeli inayoshikamana na nyama hata penye damu, wakaibandika juu ya moyo wa nguruwe. Na mwaka huo wa 2017, kule Massachusetts, walitengeneza vidole vya haidrojeli vyenye uwazi ndani. Maji yakisukumwa humo, vidole hujikunja kwa muda usiofika sekunde moja. Vidole hivyo vilimkamata samaki mdogo aliye hai ndani ya maji, kisha vikamwachia akaenda zake bila jeraha. Mkono wa chuma ungemponda. Hapa ndipo nilipolikumbuka godoro langu nikaona haya.

Yanipasa nikwambie nilichofanya. Niliingia darasani, nikasimama mbele ya wanafunzi wale wale waliocheka, nikaeleza habari za samaki yule, nikamwomba radhi msichana yule kwa jina lake. Wako walimu wenzangu waliosema nimejishusha. Mimi naona kwamba mwalimu ashindwaye kukiri kosa mbele ya watoto huwafundisha watoto wasikiri makosa. Msichana alinyamaza kidogo, kisha akainua mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akauliza, "Je, mwalimu, ikikauka?"

Swali hilo ndilo linaloniwezesha kumjibu mpinzani wangu wa tatu, ambaye kwa sura ni rafiki. Huyu ni mtu wa kusifu kupita kiasi. Husoma habari moja ya maabara, mara hutangaza kwamba roboti laini zimekwisha kuponya kiharusi na kwamba kesho zitauzwa dukani. Nampinga kwa nguvu ile ile, maana sifa ya uongo huiangamiza kweli. Siku watu watakapogundua kwamba walidanganywa, wataitupa elimu pamoja na uongo.

Basi tuseme kweli. Haidrojeli ikiachwa hewani hukauka, ikasinyaa, ikawa ngumu kama ukoko. Hili ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu, na wataalamu wanahangaika nalo kwa kuivika ngozi au kuichanganya na chumvi na vitu vingine vizuiavyo maji yasitoroke. Pili, haidrojeli zijiendeshazo kwa kuvimba na kusinyaa zina ulegevu wa mwendo, kwa maana maji sharti yapenye polepole kati ya nyuzi. Unene ukizidi mara mbili, muda wa kungoja huzidi mara nne. Ndiyo maana zile zifanyazo upesi ni ndogo sana au husukumwa kwa nguvu nyingine, kama maji ya pampu au sumaku. Tatu, polima fulani ni salama lakini malighafi yake ni sumu. Ikibaki hata kidogo bila kuungana, humdhuru mgonjwa. Nne, kifaa cha kuingia mwilini lazima kisafishwe viini vya ugonjwa, na joto la kusafishia laweza kuiharibu jeli yenyewe. Kutoka tumbo la nguruwe hadi tumbo la mtu iko safari ya miaka mingi ya majaribio, vipimo na vibali, na safari hiyo haina njia ya mkato. Anayeijua njia kuwa ndefu hujifunga mkanda. Anayedanganywa kuwa ni fupi hukaa kitako penye kona ya kwanza.

Mpinzani wa nne nimemweka mwisho kwa sababu namheshimu kuliko wote. Ni mwalimu mwenzangu, mtu wa haki. Aliniambia, "Zahanati ya kijijini kwetu haina hata bandeji za kutosha, nawe wawasimulia watoto habari za nyuzi ziingiazo ubongoni. Hizo ni ndoto za matajiri. Tuwape watoto wetu elimu itakayowafaa."

Namkubalia kwamba zahanati yake inastahili bandeji leo, na kwamba anayetoa fedha za umma kununua roboti kabla ya bandeji amepotoka. Lakini kwanza na aniambie bandeji nzuri ni ipi. Zamani ilifikiriwa kwamba kidonda sharti kikaushwe ndipo kipone. Mwaka 1962 mtaalamu George Winter wa Uingereza alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kidonda kinachohifadhiwa katika unyevu hujifunika ngozi mpya upesi kuliko kinachoachwa kikauke. Kutokana na fikira hiyo zimetokea bandeji nyingi za kisasa, na miongoni mwake ni bandeji za haidrojeli ambazo hupoza kidonda na kukitunza katika unyevu. Ajuaye siri ya haidrojeli anajua pia siri ya bandeji. Rafiki yangu aliomba bandeji akaikataa elimu yake. Ni sawa na kuomba mkate huku ukifukuza mpishi.

Pili, na atazame mahali elimu hii ilikoanzia. Mwaka 1952, katika gari la moshi huko Chekoslovakia, mwanakemia Otto Wichterle alikutana na abiria aliyekuwa akisoma habari ya chuma kitumiwacho na madaktari katika tundu la jicho lililong'olewa. Wichterle akasema kwamba kingefaa zaidi kitu laini kinachopatana na mwili. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím wakaifanya kazi hiyo, wakatangaza haidrojeli yao mwaka 1960. Lakini wenye mamlaka waliona kwamba kutengeneza lenzi za macho kwa jeli hakuna faida, kazi ikasimamishwa. Wichterle akaendelea nyumbani kwake. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, mezani pake, aliunda mtambo kwa vipande vya mchezo wa kujengea wa watoto, akauendesha kwa dainamo ya baiskeli na transfoma ya kengele ya mlango, akapata lenzi laini za kwanza za namna yake. Mwaka 1971 Marekani iliruhusu lenzi laini ziuzwe, na leo mamilioni ya watu huzivaa machoni.

Je, hiyo ni hadithi ya utajiri? Mtu aliyenyimwa ruhusa, meza ya nyumbani, kitu cha kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli! Dainamo za namna hiyo tumeziona sisi sote. Kilichokuwa adimu juu ya meza ile kilikuwa swali lisilokubali kunyamazishwa.

Tatu, na atazame pwani yetu. Wanawake wa Unguja wamelima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, na katika pwani yetu ya kusini, huko Kibuyuni, wako akina mama waufungao mwani kambani maji yakitoka, wakauvuna na kuuanika juani. Mwani huo si ule utoao alginati. Huu hutoa karajinani, kitu kingine kigandishacho maji kuwa jeli, kinachotiwa katika vyakula na dawa za meno na kinachochunguzwa na wataalamu wa tiba. Ulio mwingi huuzwa ng'ambo ukiwa mkavu tu, na huko ng'ambo ndiko unakokamuliwa, ukatiwa thamani, ukapewa jina jipya na bei mpya. Mama aliyesimama majini tangu alfajiri hupata malipo ya mwani. Mwenye elimu ya mwani hupata malipo ya jeli. Ukiniuliza kama elimu hii inatuhusu, nitakwambia ukamwulize mama huyo miguu yake imeloweka saa ngapi.

Wahenga walisema, udongo upatize ungali maji. Mfinyanzi hawezi kukupa chungu kwa udongo uliokwisha kukauka, nawe, msomaji kijana, ungali udongo laini. Umri wako ni umri wa kuchagua masomo, na wako watakaokushauri uache kemia kwa kuwa ni ngumu, au uache biolojia kwa kuwa si ya wahandisi, au uache fizikia kwa kuwa si ya wasichana. Vifaa nilivyokueleza vimetokana na watu walioyajua masomo hayo pamoja: kemia ya nyuzi, fizikia ya sumaku na mikazo, biolojia ya mishipa na nyama. Ukuta ujengwao shuleni kati ya somo na somo haumo katika mwili wa mgonjwa.

Sikutaki uniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Tafuta nepi moja mpya ya mtoto. Ikate juu ya karatasi, uukung'ute unga wake katika gilasi, utie maji kidogo kidogo, uhesabu vijiko. Utaona unga unavimba, unaganda, hata ukiigeuza gilasi hakidondoki kitu. Kisha tia kijiko cha chumvi ya mezani ukoroge, utazame jeli inavyolegea na kuyatapika maji iliyoyameza. Umekiona kitu laini kikivimba na kusinyaa kwa amri yako, bila mota wala gurudumu. Andika ulichokiona. Jiulize kwa nini chumvi imekifanyia hivyo, na je, mwilini mwa mtu, ambamo damu ina chumvi, jeli hiyo ingevimba kiasi gani? Kisha upeleke swali hilo darasani, uinue mkono, ulisome kwa sauti. Mwalimu wako akilijibu, mshukuru. Akikosa jibu, litafuteni pamoja. Na akicheka, kama nilivyocheka mimi, ngoja kicheko kiishe, uulize tena.